Jumla Ni Sifuri

Wanaonicheka kwamba nimeanza kujifunza kompyuta uzeeni hawaijui historia ya nchi yao. Mwaka 1974, nikiwa binti wa miaka 17, Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Si porojo za kijiweni. Ilikuwa amri, na televisheni nazo zilikumbwa humo humo. Kompyuta ya kwanza ilishafika zamani, mwaka 1965, pale Wizara ya Fedha, na baadaye ikaletwa nyingine kubwa zaidi ishike mahesabu ya serikali. Mahesabu yakavurugika, fedha zikapotelea humo, wakubwa wakasema basi. Televisheni huku Bara tuliisubiri hadi mwaka 1994, wakati wenzetu wa Zanzibar walikuwa wakitazama ya rangi tangu miaka ya 1970, na walipovuka bahari kuja kutusalimia walituuliza kama kwetu kumeshapambazuka.

Mimi ni mtu wa kutii amri. Serikali ilisema hapana, nikasema sawa. Marufuku ilipokuja kulegezwa miaka ya 1980 hakuna aliyegonga mlango wangu kunitaarifu. Barua ninazozijua mimi zina kumbukumbu namba, tarehe na sahihi. Ya kunifungulia njia sijaiona mpaka leo. Kwa hiyo mtu akiniuliza, "Bibi, miaka yote hiyo ulikuwa wapi?" namjibu kuwa nilikuwa nasubiri waraka.

Na wala sikuwa mgeni wa mashine. Nilipita Chuo cha Uhazili Tabora, nikajifunza hatimkato na kupiga chapa, na nikaajiriwa serikalini kuwa mpiga chapa. Nimekata stensili, nimedurufu nyaraka, nimechapa nakala tano kwa karatasi za kaboni na ya tano ikasomeka. Kompyuta zilipoanza kuingia ofisini kwetu mimi nilishahamishiwa masjala, mahali ambapo jalada likipotea unalitafuta kwa mikono na kwa dua. Huko ndiko nilikostaafia.

Kilichonitoa nyumbani ni kikoba. Mimi ni mhazini wa kikoba chetu cha akina mama, na tangu ipite Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi vya namna yetu vinatakiwa visajiliwe. Tukaenda kuonana na afisa mmoja, kijana mwenye adabu zake. Akalipokea daftari letu kwa mikono miwili, akalifungua, akausifia mwandiko, akalifunga. "Mama zangu," akasema, "haya mahesabu sasa mtuletee kwenye fleshi." Wenzangu wote wakanigeukia. Ndivyo vikundi vilivyo: aliyewahi kufanya kazi ofisini ndiye anayejua kila kitu, kuanzia kuandika katiba hadi kubadilisha balbu.

Wilayani kwetu kipo chuo cha maendeleo ya wananchi. Vyuo hivi vilianzishwa mwaka 1975, baada ya Mwalimu Nyerere kupendezwa na vyuo vya watu wazima vya Uswidi. Mtu aliyeishia la saba aliingia akajifunza useremala, uashi, ushonaji au ufugaji, akapewa na siasa kidogo, akarudi kijijini kuwafundisha wenzake. Siku hizi siasa imepungua, kompyuta imeingia, na mbuzi wa somo la ufugaji bado wapo. Wakiona mlango wa chumba cha kompyuta uko wazi huja kutazama.

Karani wa kuandikisha alinikaribisha vizuri.

"Shikamoo mama. Mwanafunzi amekuja?"

"Marahaba. Amekuja."

"Yuko wapi nimwone?"

"Unamwona."

Akachungulia nyuma yangu. Hakukuwa na mtu. Akanipa fomu bila neno la ziada. Kulikuwa na sehemu ya kujaza jina la mzazi au mlezi. Wazazi wangu wametangulia mbele ya haki, na fomu haitakiwi kuachwa wazi, kwa hiyo nikaandika jina la mwanangu wa kwanza, ambaye ndiye mlipa ada. Tangu hapo chuo kikiwa na kikao cha wazazi anapigiwa simu yeye. Safari moja aliulizwa maendeleo yangu ya nidhamu yakoje nyumbani, akajibu kuwa yeye hana uwezo na mimi.

Darasani nilikuta vijana wa umeme wa majumbani, mafundi magari na mabinti wa ushonaji, wengine na watoto wao mgongoni. Kila anayeingia, "Shikamoo bibi." Kila anayetoka, "Bibi, naenda mara moja." Zile shikamoo peke yake zilikuwa zinakula kipindi. Mwalimu wetu ni kijana ambaye mdogo wangu wa mwisho anaweza kumzaa, na taabu yake ilikuwa jinsi ya kunikemea. Alianza kila kosa kwa salamu. "Shikamoo mama, samahani, naomba usiichomoe hiyo waya." "Shikamoo mama, hapo umezima ya mwenzako." Nami kwa upande wangu nilikuwa nasimama akiingia, kama tulivyolelewa. Vijana wakiona bibi amesimama nao wakaona aibu kubaki wamekaa. Likawa darasa pekee chuoni linalosimama mwalimu akiingia, na nasikia mkuu wa chuo alimpongeza kijana yule kwa kujua kudhibiti wanafunzi.

Mausi ilinisumbua, nakubali. Niliisogeza hadi ukingoni mwa meza na mshale bado haujafika ninapoutaka, nikamwomba kijana wa jirani aondoe daftari lake. Akaondoa. Nikaendelea. Akaondoa na kibodi yake. Nadhani kwa ile heshima yake angetoka hadi nje kama mwalimu asingetuwahi: "Mama, unaweza kuinyanyua ukairudisha." Hilo nalo lilipaswa kusemwa siku ya kwanza. Halafu kuna ile ya kubofya mara mbili. Mimi nabofya, natafakari, nabofya tena, na mashine inasema hizo ni mbili za watu tofauti.

Lakini tuyaache hayo, hata vijana yaliwapata. Wenzangu walikuja hawajui kitu, wakafundishwa, wakajua. Mimi nilikuja na vidole ambavyo vilishafundishwa, na vidole havina masikio.

Kwenye taipureta kitufe cha kurudi nyuma kinarudi nyuma, basi. Hakifuti mtu. Ukitaka kupigia mstari kichwa cha habari unakiandika, unarudi hadi herufi ya kwanza, kisha unapitisha mistari chini yake. Nikaandika kwa herufi kubwa: YAH: MUHTASARI WA MKUTANO WA KIKOBA. Nikarudi nyuma kwa ile kasi niliyosifiwa nayo Tabora, macho yakiwa kwenye daftari, maana mpiga chapa hatazami mashine, nikapitisha mstari. Kuinua macho, YAH haipo, muhtasari haupo, mkutano haupo. Umebaki mstari, mzuri, umenyooka, juu yake hakuna kitu.

Alama ya mshangao ikaja na yake. Mashine niliyofundishiwa haikuwa nayo. Ulipiga koma ya juu, ukarudi nyuma, ukapiga nukta chini yake, ukapata mshangao safi kabisa. Kompyuta inaila ile koma na kubakiza nukta. Barua yangu ya kumpongeza mjukuu aliyefaulu kidato cha nne ikasomeka, "Hongera sana mjukuu wangu." Na nukta. Akampigia mama yake kuuliza bibi amekasirikia nini.

Kuweka maneno katikati ya ukurasa, sisi tulifundishwa kwa hesabu: hesabu herufi zote pamoja na nafasi, gawa kwa mbili, ndipo ujue uanzie wapi. Nikawa nahesabu kwa kidole juu ya skrini, nikigawa, nikipiga nafasi mojamoja. Mwalimu akapita, akaandika kichwa kilekile chini ya changu, akabofya mara moja, kikakimbia chenyewe hadi katikati. Darasa likasema "Aaa." Nikamwambia tusubiri, tupime. Tukapima kwa rula juu ya kioo cha skrini, changu na cha mashine. Tulipishana upana wa herufi moja. Nasema hivi kwa sababu kuna vijana walioandika kwenye magrupu yao kwamba bibi alishindwa.

Kisha kengele. Taipureta hupiga kengele ukikaribia ukingo, ukasukuma mkono, ukaanza mstari mpya. Kompyuta iko kimya, kwa hiyo nilikuwa nakadiria mwenyewe na kupiga Enta kila mwisho wa mstari. Barua ilipendeza, kingo zimelingana pande zote. Mwalimu, kwa nia njema tu, akaongeza ukubwa wa herufi ili nione vizuri. Mistari ikavunjika: mmoja mrefu, unaofuata una neno moja, mmoja mrefu, unaofuata una "na". Akaisoma kwa sauti, akanitazama.

"Shikamoo mama. Hili ni shairi?"

Ile mistari myekundu ndiyo iliyonikera kuliko yote. Nimechapia wakuu wa idara waliosomea Uingereza, watu wakali, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunirudishia barua nzima imepigiwa wekundu kuanzia jina langu hadi "Wako mtiifu". Kumbe mashine ilikuwa imekaa pale inasahihisha Kiswahili changu kwa Kiingereza. Mwalimu akaenda mahali akachagua Kiswahili, wekundu ukapungua. Jina la kijiji nilikozaliwa inalikataa mpaka leo.

Siku ya kuchapa kwa kasi, hata hivyo, niliwaambia vijana wasogee. Herufi za kompyuta zimepangwa kama zilivyopangwa kwenye taipureta za mwishoni mwa karne ya 19, hazijahama hata moja, na mimi mpangilio ule naujua gizani. Mwalimu akaweka maandishi ukutani, akasema anzeni. Wao wanajua kuandika kwa vidole gumba kwenye simu. Kwenye kibodi walikuwa wakiwinda herufi mojamoja kwa kidole cha shahada. Mimi nilishafika chini, nikakunja nne, nikaomba maandishi mengine. Chumba kilijaa kelele, maana nachapa kwa nguvu ya kupitisha nakala tano, na mwalimu alinijia mbio, "Shikamoo mama, kibodi tunazo chache." Tangu siku ile, kabla ya kipindi, mabinti wa ushonaji huja kwangu niwafundishe. Nawafunika mikono kwa khanga wasione vitufe, kama tulivyofunikwa sisi. Wanalalamika. Nasi tulilalamika.

Niseme kidogo kuhusu mimi na kufundisha. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na sisi wanafunzi wa shule ya msingi tulitumwa jioni kuwasaidia wazee kisomo. Mimi nilimpata bibi yangu mzaa mama. Alikandamiza penseli mpaka karatasi ikatoboka, nami nikacheka, naye akaniambia maneno ambayo gazeti haliwezi kuyachapa. Nimeyakumbuka sana mwaka huu. Mengine nimeyatumia.

Somo la barua pepe lilichukua muda kuliko mengine. Mashine ikaniomba pasiwedi. Nikaandika, zikatokea nukta. Nikafuta, nikaandika tena kwa kukandamiza zaidi, nukta. Nikamwita mwalimu nikamwambia kibodi hii herufi zimeisha, zimebaki nukta tu. Akanieleza kwamba inaficha ili iwe siri. Siri kwa nani, nikamuuliza. Mwenye jina ni mimi na anayetazama ni mimi. Halafu pasiwedi yenyewe ikakataliwa: iwe na herufi kubwa, iwe na namba, iwe na alama. Nikaweka vyote. Ikasema sasa itatuma namba za kuthibitisha kwenye simu yangu.

Simu yangu ilikuwa nyumbani kwenye chaji, na mjukuu wangu wa darasa la sita ndiye mlinzi. Mwalimu akaniazima yake, akaweka spika ili nisikie vizuri.

Nieleze kwanza kwamba nyumbani kwangu kuna sheria. Mnazijua zile meseji za "ile hela itume kwenye namba hii". Baada ya jirani yetu kuibiwa akiba yake yote na watu wa namna hiyo, niliwakalisha wajukuu nikawaambia: yeyote atakayepiga kwa namba ngeni na kuomba kusomewa namba zilizoingia kwenye simu ya bibi, huyo ni tapeli, hata akijiita waziri.

"Haloo, mjukuu wangu. Ni bibi."

"Bibi yupi?"

"Bibi yako! Tazama simu yangu, imeingia meseji ina namba. Nisomee."

Kimya. Kisha, taratibu, kwa sauti ya mtu mzima: "Wewe mwizi, huoni haya?" Simu ikakatwa.

Darasa zima lilikuwa linasikiliza. Nikapiga tena. Nikamtajia jina lake lote, jina la baba yake, la mama yake. Akasema matapeli siku hizi wanayajua hayo yote, bibi mwenyewe ndiye aliyesema. Nikamwambia basi niulize unachotaka.

"Kama wewe ni bibi kweli," akasema, "mimi huwa unaniitaje?"

Anayejua utani wa bibi na mjukuu wa kiume anajua jibu. Nikatazama vijana wa umeme wa majumbani, nikamtazama mwalimu, ambaye alikuwa ameanza kuchunguza dari.

"Mume wangu," nikasema.

"Sema kwa nguvu, mtandao mbaya."

Nikasema kwa nguvu. Mtoto mmoja mgongoni mwa mama yake akaamka akilia. Mjukuu akaridhika, akanisomea namba kwa utaratibu kabisa, moja moja, nami nikaziandika. Mashine ikajibu kuwa namba hizo muda wake umekwisha.

Tulipofanikiwa siku nyingine, ikataka nithibitishe kwamba mimi si roboti. Nichague picha zenye taa za kuongozea magari. Wilaya yetu haina hata taa moja ya namna hiyo. Ng'ombe ndio wanaoamua nani apite. Nikafaulu kwa kubahatisha. Ikaleta picha za vile vibomba vya zimamoto vinavyosimama pembezoni mwa barabara za Marekani. Hapo nilikaa nikitafakari kwa kitambo kirefu ni nani aliyewaambia hawa watu kwamba binadamu ni yule anayevifahamu vibomba vya Marekani.

Nije kwenye Excel, kwa sababu hiyo ndiyo iliyotaka kuvunja kikoba.

Nilipenda Excel tangu mwanzo. Ina mistari kama daftari la mahesabu, na ukishaandika alama ya sawasawa, SUM, kutoka hapa hadi pale, inajumlisha yenyewe. Nikahamisha daftari letu lote humo: majina ya wanachama, hisa zao, mfuko wa jamii, mikopo na riba. Kazi safi, imenyooka. Nikaweka ile fomula ya jumla chini kabisa, nikaenda na fleshi steshenari nikaprintisha, nikaifunga karatasi kwa utepe, nikaipeleka mkutanoni bila kuitazama mara ya pili. Kwa nini niitazame? Imejumlishwa na kompyuta.

Mwenyekiti akavaa miwani, akasoma majina yote, kila mtu akiitikia hisa zake. Akafika chini.

"Jumla ya fedha za kikoba," akasoma, "ni sifuri."

Akarudia. Sifuri.

Mama mmoja muuza samaki, mtu mpole siku zote, akasimama akakaza khanga kiunoni. "Sifuri ya wapi?" Wengine wakasema mtendaji wa kata aitwe. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu tofauti, na wale watatu wakaanza kutazamana kwa macho ambayo sijayaona tangu kikoba kianze. Likafunguliwa pale pale. Fedha zikamwagwa kwenye mkeka, zikahesabiwa mbele ya watu wote, zikahesabiwa tena na yule muuza samaki peke yake. Zilikuwa zimetimia, hata senti haikupungua. Fedha ipo, karatasi inasema haipo. Mkutano ukapiga kura ya kuamini sanduku.

Usiku ule nilianza kuwaelewa wale wakubwa wa Wizara ya Fedha.

Asubuhi nikampelekea mwalimu ile karatasi, na shikamoo yake nikaipokea kwa ubaridi. Akaifungua kazi yangu, akatazama, akatabasamu. Mimi, kama Mtanzania yeyote mwenye akili timamu, niliandika fedha kama fedha inavyoandikwa: 20,000/=. Kila kiwango na ile alama yake mwishoni. Kumbe Excel ikiiona ile alama inahesabu kuwa hayo ni maneno, si namba, na maneno haijumlishi. Inayaruka yote, na jumla ya vilivyorukwa vyote ni sifuri. Akanionyesha: namba za kweli zinasimama upande wa kulia wa chumba chake, maneno yanasimama kushoto. Za kwangu zote zilikuwa zimesimama kushoto, safu nzima, na mimi nilidhani ni unadhifu.

Tukafuta zile alama zote. Jumla ikaja. Lakini ilikuwa pungufu ya ile ya kwenye mkeka, na kila mwenye hisa za 10,000 alikuwa amerukwa, pamoja na mwenye 15,000, pamoja na mwenye 100,000. Wenye 20,000 salama, wenye 50,000 salama. Mwalimu akakuna kichwa. Akabofya hapa, akabofya pale, akasogeza uso mpaka karibu na skrini.

"Mama, hii 1 umeiandika kwa kitufe gani?"

Nikamwonyesha. Nikaipiga herufi ya L ndogo.

Msinicheke. Mashine nyingi za zamani hazikuwa na kitufe cha 1. Ulipiga L ndogo, na bosi akasoma moja, na benki ikasoma moja, na mishahara ikalipwa. Kidole changu kimeandika moja kwa namna hiyo miaka yote, na kwa macho yangu hata leo zinafanana. Mwalimu alikaa kimya kidogo, kisha akaomba ruhusa ya kuwaita walimu wenzake waje waone. Nikampa.

Tukazibadilisha zote. Jumla ikalingana na mkeka hadi senti ya mwisho.

Ile fleshi ndiyo iliyoniweka roho juu mwishoni. Mimi kitu cha thamani nakifunga kwenye pindo la khanga, na khanga hufuliwa. Ililala kwenye beseni la sabuni ya unga, ikasuguliwa, ikakamuliwa, ikaanikwa kwenye kamba juani na pindo lake, na nilipoikumbuka ilikuwa imekauka kabisa. Tukaichomeka kwa kumtaja Mungu. Ikafunguka! Mahesabu yote yamo. Na vile virusi ilivyovipata steshenari, ambavyo vilikuwa vinayageuza mafolda yote kuwa vijishale visivyofunguka, navyo vilikuwamo, vyote, vimetakata. Mwalimu akavitoa kwa programu.

Umeme sitausemea sana. Uniti za LUKU chuoni zina tabia ya kuisha katikati ya sentensi, na ambaye hajasevu analia. Mimi nilikwishazoea kuweka nakala ya kaboni, kwa hiyo nasevu kila mstari, na sevu moja natuma kwenye ile barua pepe yangu. Vijana wananiita mwoga. Umeme ukirudi mimi naendelea, wao wanaanza upya.

Kikoba kimesajiliwa. Afisa aliipokea fleshi, akaifungua mbele yetu, akasema mahesabu haya ni safi kuliko ya vikundi vingi alivyoviona. Wanachama hata hivyo wamepitisha azimio kwamba daftari liendelee kuandikwa kwa kalamu, na kompyuta ilinganishwe nalo kila mwisho wa mwezi. Ikipishana, kompyuta ndiyo itakayojieleza. Nimeliunga mkono, na muhtasari wake nimeuchapa mwenyewe.

Darasa la jioni linaanza tena Januari na nafasi zipo, hasa za mbele, kwa sababu vijana wanapenda kukaa nyuma. Ada si kubwa. Wenye umri wangu mnaosita, njooni. Wanafundisha pole pole na shikamoo mtachoka wenyewe kuitikia. Viti ni vya mbao, beba mto wa kukalia. Acheni ile /= nyumbani. Na miwani kila mtu aje na ya kwake, yangu siazimi.